Vita vya Jumamosi Tatu

Mtu wangu aliuawa Jumamosi, saa kumi jioni, nikiwa jikoni nachuja chai ya wenzangu. Niliporudi na sinia, vikombe vinne na mkate uliopakwa siagi, nilikuta karatasi yangu imepigwa msalaba mkubwa kwa kalamu nyekundu. Wa kwanza kuinua macho alikuwa kinyozi.

"Siz, pole," akasema. "Nilikurushia dadu, ikatoka moja."

Nilisimama na sinia mikononi. Kwanza sikuelewa. Nilipoelewa, hasira ilinipanda, na ingawa miaka miwili imepita na watu wengi wameniambia ule ni mchezo tu, haijawahi kushuka yote.

Acha nieleze mchezo wenyewe, maana mama yangu mpaka leo anafikiri ni kamari. Watu wanne au watano wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi. Yeye ndiye anayeijua nchi ya hadithi, mito yake, wakubwa wake, na nani amejificha nyuma ya mlango. Wengine kila mmoja ana mtu wake ndani ya hadithi hiyo, aliyemwandika kwenye karatasi: jina lake, nguvu zake, anachokiogopa. Msimulizi anasema, "Mmefika mtoni, daraja limevunjika. Mnafanya nini?" Nawe unasema mtu wako anafanya nini. Pale ambapo haijulikani kama ataweza au atashindwa, unarusha dadu, na dadu ndiyo inayoamua. Hakuna anayemshinda mwenzake. Mnatunga hadithi pamoja, bila yeyote kujua itaishia wapi.

Niliingia humo kupitia kwa kinyozi. Mimi nauza mbegu na dawa za mifugo mjini Nyeri, naye kinyozi yuko mlango wa pili. Ni mtu wa maneno mengi, na siku zisizo na wateja alikuwa anakuja kuegemea kaunta yangu, anisikilize nikiwaeleza wakulima jinsi minyoo inavyomwingia mbuzi. Siku moja akasema, "Siz, wewe unafaa gemu yetu. Unaongea mpaka mtu anaona hiyo minyoo." Nilidhani ananitania. Jumamosi iliyofuata nilikuwa mtaa wa Skuta, sebuleni kwa Mwalimu, nimekabidhiwa penseli na karatasi tupu.

Mwalimu alifundisha hisabati. Alikuwa mtu wa magharibi mwa Kenya aliyeletwa huku na kazi, mke na watoto wamebaki nyumbani, na yeye ndiye aliyekuwa msimulizi. Wa nne mezani alikuwa polisi, mzaliwa wa Ukambani, mpole sana, ambaye sote tulimwita Afande hata akiwa amevaa kandambili. Mwanamke nilikuwa peke yangu. Nyumba ilikuwa ya Mwalimu, jiko la Mwalimu, majani na sukari vya Mwalimu, lakini kuanzia Jumamosi ya pili chai ilikuwa yangu. Hakuna aliyenipa kazi hiyo kwa mdomo. Walinitazama tu baridi ilipozidi, nikainuka. Hilo nalo linaniuma, ila kosa hilo nagawana nao.

Sasa mtu wangu. Mimi nimezaliwa Mwea, katika mpunga, na kabla sijajua kusoma nilijua kufukuza ndege. Mpunga ukianza kukomaa, ndege wadogo wanashuka kwa maelfu, na shamba lisilo na mtu linabaki mabua. Unasimama kwenye tuta tangu kupambazuka, kombeo mkononi, vidonge vya tope vimepangwa miguuni, unarusha na kupiga kelele mpaka sauti inakauka. Kwa hiyo mtu wangu alikuwa mwanamke wa makamo, mfukuza ndege, mwenye sauti kubwa na kombeo.

Mwalimu alifungua sheria za mchezo, rundo la karatasi alizokuwa amezichapisha mjini na kuzibana kwa waya. "Kombeo," akasoma. "Dadu ya pande nne. Ndiyo silaha dhaifu kuliko zote."

"Nani amesema?"

"Kitabu kimesema."

"Huyo aliyekiandika amewahi kusimama mbele ya kombeo?"

Kinyozi alicheka mpaka akakohoa. Lakini mimi sikuwa natania. Nilipokuwa na miaka tisa niliona mwanamume mzima akianguka kifudifudi katika maji ya mpunga, amepigwa kisogoni na kidonge cha tope kilichomkosa ndege. Mwalimu alitabasamu akaandika nne.

Nikisema alikuwa msimulizi mbaya nitakuwa naongopa. Alikuwa mzuri ajabu. Alitutungia nchi iliyo chini ya mlima kama huu wetu, ambako mfereji ulikuwa umekauka kwa sababu watu wa juu walikuwa wamefunga lango la maji. Kazi yetu ilikuwa kupanda hadi langoni na kulifungua. Miezi minne tulipanda. Alipotusimulia msitu wa mianzi na ukungu wake nilijikunja kwenye kochi kama mtu aliyelowa. Kulikuwa na mzee wa daraja aliyetaka kusimuliwa ndoto badala ya ushuru, na Afande, mtu asiyesema sana, alimsimulia ndoto ndefu kuhusu dada yake marehemu. Siku hizo sikuwa nakumbuka saa. Nilikuwa natembea kurudi nyumbani, ambako ni karibu, nikizungumza peke yangu njiani kwa sauti ya mfukuza ndege.

Kisha tukafika langoni.

Mlinzi mkuu wa lango alikuwa mwanamke. Nilimwomba Mwalimu ruhusa ya kusogea mbele peke yangu, kombeo nimeliweka chini. Nikamuuliza yule mwanamke kwa nini wamefunga maji.

Mwalimu akabadilisha sauti, akawa yeye. "Ng'ombe zetu zimekufa. Nyinyi wa chini mnalima mpunga wa kuuza. Sisi tunataka ya kunywa."

"Zimekufa ngapi?"

"Nani anahesabu? Unasikia harufu?"

"Nasikia," nikasema. "Mimi ni mfukuza ndege. Ndege wenu wameshuka kwetu kwa sababu huku hakuna mbegu tena. Kwa hiyo njaa yenu naijua. Nimeirushia tope mwaka mzima."

Kinyozi aliacha kutafuna. Usoni mwa Mwalimu niliona kwamba yule mwanamke ameguswa. Nilikuwa naelekea kumwambia tufungue lango nusu, mchana kwao, usiku kwetu. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kiti.

Mwalimu akatazama saa ya ukutani. Kisha akatazama chini ya meza, ambako kulikuwa na katoni ya viatu. Baadaye kinyozi aliniambia kwamba Mwalimu alikuwa ameiandaa wiki nzima: ramani ya lango iliyochorwa kwa rula kwenye karatasi yenye miraba, na visoda kumi na vinne, vifuniko vya chupa za soda, vilivyopakwa rangi nyekundu, kila kimoja adui mmoja.

"Anakutemea mate usoni," Mwalimu akasema. "Walinzi wanatoka pande zote. Rusheni dadu za zamu. Tunapigana."

"Lakini alikuwa karibu kukubali!"

"Amebadilisha mawazo."

Visoda vikamwagwa mezani.

Pigano lenyewe lilikwenda hivi. Kila mtu alirusha dadu kujua atakuwa wa ngapi. Mimi niliangukia mwisho kabisa, baada ya Afande, baada ya kinyozi, baada ya visoda vyote kumi na vinne. Kila kisoda kilisogezwa mraba kwa mraba. Kila kisoda kilirushiwa dadu ya kupiga, kisha dadu ya kuumiza, kisha Mwalimu akatoa hesabu kwenye daftari: thelathini na mbili kutoa saba, ishirini na tano. Afande alifikiria zamu yake dakika kumi, kidevu mkononi. Kinyozi aliuliza sheria ya kuruka ukuta, Mwalimu akaitafuta kwenye karatasi, hakuipata, akaitafuta kwenye simu. Baada ya robo tatu ya saa ikafika zamu yangu. Nikarusha kombeo. Dadu ya kupiga, ya pande ishirini, ikatoka sita.

"Umekosa," Mwalimu akasema. "Anayefuata."

Hayo ndiyo maneno yote niliyopata. Kwa miezi minne nilikuwa nimeongea, nimedanganya, nimeimba, nimelia ndani ya hadithi hii, na sasa kila baada ya robo tatu ya saa naambiwa umekosa, anayefuata. Jumamosi ya kwanza nilipata zamu tatu. Nilikosa mbili, na ya tatu nikapata, nikamtolea adui pointi mbili za uhai kati ya kumi na nane, kwa dadu yangu ya pande nne. Yule mwanamke wa langoni naye alikuwa amegeuka kisoda kama wenzake. Niliuliza yuko wapi. Mwalimu alipitisha macho juu ya ramani akasema, "Nafikiri ni huyu."

Anafikiri!

Jumamosi ya pili nilibeba sweta niliyokuwa nafuma. Nikamaliza mgongo wote. Jioni tulipokuwa tunavaa viatu nilimwambia Mwalimu, kwa heshima, kwamba naona vita hivi vimekuwa virefu.

"Dada," akasema, "vita ndiyo roho ya mchezo. Haya mengine ni ya kupumzika."

"Mimi naona kinyume. Naona tukipigana ndipo tunapopumzika."

"Ni kwa sababu wewe unapenda maongezi. Wanawake wengi hawana subira ya mbinu."

Subira! Mimi niliyesimama kwenye tuta la mpunga kuanzia alfajiri mpaka jua kuzama, msimu baada ya msimu, nikingoja ndege! Nilimeza mate nikafunga kamba za viatu. Ningejibu siku ile, pengine ningejiepusha na mengi.

Jumamosi ya tatu ndiyo ya chai. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyesema, "Dada, zamu yako bado sana, tuangalizie chai." Nikaenda. Kumbe nyuma yangu zamu ya visoda ikawahi, kwa sababu Afande siku hiyo aliamua haraka. Hawakuniita. Kinyozi akanirushia dadu ya kukwepa mshale, ikatoka moja, na moja ndiyo mbaya kuliko zote. Mwalimu akatoa hesabu. Nikawa nimekufa.

"Mtu anakufaje na mwenyewe hayuko mezani?" niliuliza, sinia bado mikononi.

"Sheria ni sheria," Mwalimu akasema. "Dadu haijui kama uko jikoni."

"Dadu haijui. Wewe je?"

Kinyozi aliangalia vidole vyake. Nikamgeukia Afande, ambaye nilimhesabu kuwa mtu wa haki, mtu ambaye angesema hata neno moja. Alikuwa ameinamia ramani, midomo inacheza kimyakimya, macho hayatoki langoni. Hilo ndilo lililonimaliza. Niliweka sinia juu ya visoda vyao, chai ikamwagika kidogo kwenye ramani ya rula, nikachukua sweta yangu nikaenda.

Jumatatu Afande alikuja dukani akiwa na sare. Alingoja wateja waishe.

"Madam, niko na kuku kumi na mbili, zinaharisha."

Nikamtolea dawa bila kumwangalia, nikamweleza vipimo. Hakuondoka. Alikuwa anazungusha chupa mkononi.

"Hiyo kitu ya Jumamosi," akasema, "ilikuwa mbaya."

"Mbona hukusema ikiwa mbaya?"

"Nilikuwa nafikiria. Nilikuwa nimebakisha watu wawili nifike kwa lango. Nikifikiria, sisikii kitu."

"Vizuri. Endelea kufikiria."

"Madam, ngoja." Aliweka chupa kwenye kaunta. "Mimi nimepigana ya kweli. Nilipelekwa kule chini, kaskazini, kwa wezi wa mifugo. Watu wakiniuliza nasema tulipigana, lakini hiyo haikuwa kupigana. Ilianza ikaisha. Sijui kama ilifika dakika mbili. Nakumbuka kiatu ya mtu imelala peke yake kwa mchanga. Sikuamua kitu, mkono ndiyo iliamua. Mpaka leo najiuliza ningeenda upande ule mwingine ingekuwaje." Akavuta pumzi. "Sasa kwa meza ya Mwalimu, watu wananingoja. Naangalia, nasema nikipita hapa itakuwa hivi, nikipita huku itakuwa hivi. Hakuna mtu ananipigia kelele. Hiyo ndiyo huwa naendea. Hiyo peke yake."

Nilikuwa nimemwona kama mtu mzito wa akili anayetupotezea wakati. Niliona aibu, na juu ya aibu hasira ikarudi, ila sasa ilikuwa na sura nyingine.

"Afande," nikasema, "huo muda wako ulitoka kwangu. Nimekaa Jumamosi mbili nzima nikingoja ili wewe ufikirie, na ya tatu nikawapikia chai. Na ningekaa hata kumi kama ningejua unafikiria nini. Hakuna aliyeniambia. Niliona tu mtu ameshika kidevu."

"Hata mimi sikuwa nimeambia mtu," akasema. "Wewe ndiyo wa kwanza."

Wiki ile sikulala vizuri kwa sababu ya maneno hayo. Kwenye simu yangu nilikuwa nimejiunga na kikundi cha wachezaji wa mchezo huu kutoka miji mbalimbali, na kila wiki walibishana swali lile lile: vita mezani vinavutia au vinachosha? Wengine wanasema futa vita vyote, tuongee tu. Wengine wanasema asiyependa vita akatafute kitu kingine cha kufanya. Nilikuwa nawasoma na damu inachemka, kwa sababu wote walizungumzia idadi ya dadu na urefu wa zamu, kama mafundi wanaobishana juu ya skrubu. Hakuna aliyeuliza pigano lile linahusu nini, na ni nani amekaa pale akingoja, na kama anakijua anachokingojea.

Basi nikaamua kusimulia mwenyewe. Nilichagua Jumapili baada ya kanisa, nyumbani kwangu. Nilimwita Afande na kinyozi. Wa tatu alikuwa dada yangu mkubwa, ambaye anafanya kazi kwenye shamba la maua Timau, akipanga waridi kwa urefu wa shina, na huja kunitembelea mara moja kwa mwezi. Hakuwa amewahi kushika dadu maishani mwake.

"Wewe nawe," alisema nilipomweleza. "Watu wazima mnakaa mnaigiza? Haya, nipe mtu wangu. Awe mnene, na asiogope mtu."

Hadithi yangu ilikuwa fupi. Wao watatu walikuwa wanamsindikiza mkunga kuvuka kivuko cha mto, na ng'ambo kulikuwa na mwanamke aliyekuwa na uchungu tangu jana yake. Kivukoni walikaa askari wawili tu, walevi, waliokataza watu kupita. Sikutaka visoda. Sikutaka ramani. Nilikuwa na jambo moja la kuthibitisha, kwamba vita vinaweza kumfanya mtu asahau kukaa, na nikaweka sheria yangu mwenyewe: zamu yako ikifika nahesabu mpaka tano. Usiposema kitu, umesimama kama gogo.

Mwanzoni ilikwenda kama nilivyoota. Kinyozi aliwapa askari mdomo, mdomo ukashindwa, panga likatolewa. Dada yangu alijitupa majini kabla sijafika mbili. Rusha! Umempata mguu! Anakupiga teke! Hesabu moja, mbili… Dada alikuwa amesimama, mtandio umeanguka, anampigia kelele kinyozi, "Mshike huyo mwingine, unangoja nini!" Kinyozi naye amepanda kiti. Mimi nilikuwa nimejaa furaha ya kisasi. Nilijisemea, Mwalimu angekuwa hapa aone.

Zamu ikafika kwa Afande. Nikahesabu. Moja, mbili, tatu. Alikuwa ananiangalia. Nne. Tano.

Aliweka dadu mezani taratibu, kama yai, akainuka akatoka nje.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, kando ya tangi la maji, mikono imeshika kingo zake.

"Hiyo kuhesabu," akasema, bila kugeuka.

Nilikuwa nimesahau. Hapana, sitajipunguzia: nilikuwa najua. Aliniambia mwenyewe, kwa mdomo wake, juu ya kaunta yangu, nami nikachukua kile kilichomuumiza maishani nikakifanya sheria ya mchezo, kwa sababu nilitaka kumshinda mtu ambaye hata hakuwepo. Siku ile hasira yangu yote ilinigeukia mimi, na bado kuna sehemu yake inayokaa hapo.

"Nisamehe," nikasema. "Sitahesabu tena."

Ng'ombe wa jirani alikuwa analia. Afande alinawa uso kwenye bomba la tangi, akajifuta kwa mkono wa shati, akarudi ndani kabla yangu.

Nilipokaa nikawaambia wote kwamba hakuna kuhesabu. Kisha nikamgeukia yeye. "Uko majini mpaka kiunoni. Askari mmoja ameanguka. Huyu mwingine amemshika mkunga nywele, panga liko juu. Una mkuki mmoja. Ukiurusha unaweza kumpata yeye, na unaweza kumpata mkunga. Chukua muda wako."

Akashika kidevu.

Tulingoja. Sijui muda gani. Kinyozi hakugusa simu. Dada yangu alikuwa amekaa tena, mikono katikati ya magoti, anamwangalia Afande kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Tulikuwa tunajua sote anachofikiria: mkuki, nywele, panga. Hakuna aliyechoka. Ilikuwa ni kungoja kule kule kulikonifanya nifume mgongo wa sweta, na sasa nisingeweza kusogeza hata kidole.

"Huyu askari," Afande akauliza, "ni wa miaka ngapi?"

Sikuwa nimefikiria. "Kumi na tisa."

"Naachilia mkuki, maji yaubebe. Ninamwambia aweke panga chini. Ninamwambia hata mimi nililetwa mahali sikujua ni ya nani, nikaambiwa nilinde."

Akarusha dadu. Ikatoka saba. Haikutosha, na sote tuliiona.

"Panga linashuka," nikasema.

"Basi naweka mkono wangu katikati."

"Afande…"

"Naweka."

Dada yangu alisema "Ai!" akafunika mdomo. Mkunga alivuka. Yule askari aliliona alilolifanya akatupa panga akakimbia. Afande aliomba kifutio, na pale alipokuwa ameandika kwamba mtu wake anatumia mkono wa kulia, akafuta, akaandika wa kushoto. Kisha akauliza kama kuna chai, na kinyozi ndiye aliyeinuka.

Habari zilimfikia Mwalimu, kwa sababu kinyozi hawezi kunyoa akiwa amefunga mdomo. Wiki haikuisha, Mwalimu alikuwa mbele ya kaunta yangu, mikono mfukoni, anatazama mbegu za sukuma wiki kama mtu anayenunua.

"Nasikia umeanzisha gemu yako. Ati haina hesabu."

"Ina hesabu. Haina visoda."

"Vita bila mpangilio ni porojo tu, dada. Mtu lazima ajue yuko mraba gani." Akakohoa. "Lakini sikuja kugombana. Nilikuwa nasema, ukitaka, yule mtu wako anaweza kufufuka. Kuna dawa kwenye kitabu. Naweza kumweka hapo karibu na lango, wenzake wamkute."

Alikuja na zawadi, na najua ilimgharimu kiburi kidogo. Lakini niliposikia neno hilo, kitabu, nilishikwa na ghadhabu.

"Mwalimu, nikuulize. Mwanafunzi akitoka kwenda msalani, unamfanyia mtihani wake, halafu unamwambia ameanguka?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Si haki."

"Sasa?"

Alisogeza pakiti ya mbegu, akairudisha. "Kwani ulitaka nini hasa?"

"Nilitaka uniite. Jikoni kwako ni hatua sita. Ungeniita, ningekuja nikarusha mwenyewe, ikatoka moja, nikafa, na ningekuwa bado nakuja Skuta kila Jumamosi. Na nilitaka yule mwanamke wa langoni amalize sentensi yake. Alikuwa anasema kitu. Ulimgeuza kisoda kwa sababu ulikuwa umechora ramani."

Akafikiria hilo. Nadhani alilifikiria kweli, kwa sababu masikio yake yalibadilika rangi. Lakini aliposema, alisema, "Ni mchezo, dada," akaondoka. Hajawahi kuomba msamaha, nami sijawahi kurudi. Meza yake bado ipo. Kinyozi anacheza kwake Jumamosi na kwangu Jumapili, na ananiambia kwamba wale wa Jumamosi siku hizi wanapigana na joka ambalo lina pointi mia tatu, na wamebakisha mia mbili na kumi. Nasikia hivyo nashika kichwa.

Afande alipata uhamisho mwaka jana, akapelekwa upande wa pili wa mlima. Siku ya kuaga alinipa kuku wawili na hakusema mengi. Baada ya miezi akanitumia ujumbe wa sauti: amepata meza huko, yeye ndiye msimulizi, anacheza na mwalimu mmoja wa chekechea na makarani wawili wa kaunti.

"Madam," ilisema sauti yake, na nyuma yake nilisikia watu wakicheka, "leo vita yetu imechukua masaa mawili na nusu. Hakuna mtu alitoka. Hata mmoja."

Masaa mawili na nusu! Nilisimama katikati ya duka, mteja ananingoja na debe lake, nikabonyeza kitufe cha kurekodi nikaanza kumjibu: kwamba hakuna pigano duniani linalohitaji masaa mawili na nusu, kwamba amuulize kila mmoja mezani kwake anangojea nini, amuulize kwa jina, na yule mwalimu wa chekechea amuulize wa kwanza. Mteja alipoondoka nilikuwa bado naongea.